Chombo Kilichochorwa Kisirudi

Michoro ya kiufundi ya meli za anga za zamani imekuwa pambo la ukutani katika nchi nyingi. Huchapwa upya kwenye karatasi ya kahawia au ya buluu, ikatiwa fremu na kutundikwa sebuleni, hotelini na ofisini. Watu huipendea mistari yake safi: umbo refu lililochongoka ncha mbili, mbavu zilizopangwa kwa vipimo, vishale vinavyoonyesha injini zilipo na mifuko ya gesi ilipo. Miongoni mwake umo mchoro wa hataza ya Count Ferdinand von Zeppelin ya mwaka 1895, na imo pia michoro ya LZ 1, chombo chake cha kwanza, kilichoruka juu ya Ziwa Constance tarehe 2 Julai 1900. Lakini katika ukoo huo wa vyombo kimo kimoja kilichorekebishwa mahususi kwa safari ya nchi yetu, nacho ni LZ 104, kilichoitwa L 59 na jeshi la majini la Ujerumani. Mwaka 1917 kilirefushwa, kikapakiwa na kurushwa kuelekea nyanda za Makonde, katika Tanzania ya leo. Nadai kwamba mchoro wa chombo hiki ni hati ya historia ya Afrika Mashariki, na kwamba ukisomwa vizuri unaeleza habari za watu ambao mchoraji hakuwaweka ndani yake, yaani wapagazi.

Mtu wa Pemba anaweza kusema kwamba kutundika picha za mitambo ukutani ni mtindo wa kigeni usiotuhusu. Kuta za pwani zenyewe zinampinga. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gede, watu wa karne zilizopita walichora vyombo vya baharini kwa kukwaruza lipu ya chokaa. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake waliikusanya michoro hiyo na kuichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu hapo wanaakiolojia wameendelea kuitazama kama ushahidi: tanga lilikuwa la umbo gani, omo ilichongoka vipi, mlingoti ulisimama wapi. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, wapo Wareno waliojaza ukuta picha za merikebu, makanisa na samaki kwa rangi nyekundu na nyeusi, na picha hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Pemba yenyewe, katika magofu ya Pujini yanayohusishwa na mtawala Mkame Ndume, kuna chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa, baragumu la heshima, lililofinyangwa kwa lipu ukutani. Siwa si chombo cha safari, lakini ni kitu kilichoundwa na fundi, kikapewa heshima ya kukaa ukutani ili anayeingia ajue yuko kwa nani. Pwani hii ilijua zamani kwamba ukuta unaweza kutunza kumbukumbu, na wasomi wetu wamezoea kuusoma kama daftari. Ninachoomba ni kwamba mchoro wa meli ya anga nao usomwe kwa jicho hilohilo.

Kusoma mchoro wa kiufundi kuna faida yake kwa sababu mchoro wa namna hiyo hauchorwi ili upendeze. Unachorwa ili kitu kiundwe, na kila mstari ni uamuzi wa mtu aliyepima uzito, gharama na hatari. Zeppelin alikuwa na mhandisi Theodor Kober aliyemsaidia kuandaa mipango ya kwanza, kisha akaja Ludwig Dürr, ambaye mkono wake unaonekana katika karibu kila chombo kilichofuata. Mataifa yaliyopigana na Ujerumani yalijua thamani ya kazi ya watu hawa. Septemba 1916 meli ya anga ya L 33 iliangushwa Essex, Uingereza, mifupa yake ikiwa imebaki. Waingereza wakaipima na kuichora, wakaunda R 33 na R 34, na hiyo R 34 ikavuka Atlantiki mwaka 1919. Oktoba 1917 Wafaransa waliikamata L 49 karibu nzima, vipimo vyake vikachukuliwa, na Wamarekani wakavitumia kuunda meli yao ya anga, Shenandoah. Kwa hiyo karatasi inayouzwa leo kama pambo iliwahi kuwa siri ya vita.

Pemba nayo iliwahi kuamuliwa kwenye karatasi. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikaachia madai yake juu ya Witu, katika pwani ya Kenya ya leo, na Uingereza ikaipa Ujerumani Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba mbili. Si kweli kwamba Wajerumani waliimiliki Zanzibar kisha wakaibadilisha, kama inavyosemwa mara nyingi. Walichoachia ni madai, na hakuna Mpemba aliyeulizwa. Wajerumani waliigeuza Heligoland kuwa ngome ya majini, na karibu na kisiwa hicho, tarehe 9 Septemba 1913, meli ya kwanza ya anga ya jeshi lao la majini, L 1, ilipigwa na dhoruba ikaanguka baharini na kuua watu 14. Jeshi hilohilo, miaka minne baadaye, ndilo lililotuma L 59 kuelekea huku. Upande mmoja wa mkataba ule ulizaa kituo cha kijeshi huko kaskazini. Upande wa pili ulichora mpaka baharini kati ya Pemba na Tanga, na vita vilipofika mwaka 1914 mpaka huo uliwaweka ndugu wa pwani moja chini ya bendera mbili zinazopigana.

Kufikia mwaka 1917 majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, yalikuwa yamesukumwa mpaka kusini mwa koloni. Bandari zote zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Reli ya Kati ilikuwa imechukuliwa tangu mwaka uliotangulia. Hapakuwa na njia ya kuwapelekea risasi wala dawa. Ndipo daktari Max Zupitza, aliyekuwa Togo vita vilipoanza, akatoa wazo la kutuma meli ya anga. Jeshi la majini lililikubali, likaupa mpango jina la siri la China-Sache. Chombo cha kwanza kilichoandaliwa, L 57, kiliharibiwa na dhoruba huko Jüterbog mwezi Oktoba 1917. Haraka wakachukua L 59 iliyokuwa ikiundwa Staaken, karibu na Berlin, wakaikata katikati na kuingiza vipande viwili vya mita 15 kila kimoja. Urefu ukatoka mita 196.5 hadi 226.5, na nafasi ya gesi ikapanda kutoka mita za ujazo 56,000 hivi hadi 68,500.

Hapa mchoro wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya ganda la kitambaa kuna mifuko 16 ya haidrojeni iliyopangwa kwa safu kutoka omo hadi tezi. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo huinua kilo moja na kidogo, kwa hiyo ukubwa wa chombo ndio nguvu yake ya kubeba. Mataruma yake yametengenezwa kwa duralumini, aloi nyepesi ya aluminiamu, na kila ufito una umbo la pembetatu uliotobolewa matundu ili kupunguza uzito bila kupunguza uimara. Chini, pale ambapo fundi wa jahazi angeweka mkuku, kuna njia nyembamba ya kupita mabaharia, na kando yake zimening'inizwa tangi za mafuta, mifuko ya maji ya kutia uzito na mizigo. Injini ni tano za Maybach, kila moja ya nguvu farasi 240. Ukijumlisha, chombo kiliweza kubeba tani 52 hivi zaidi ya uzito wake chenyewe, na kati ya hizo karibu tani 22 zilikuwa mafuta ya injini. Mafuta ya kwenda, maji, mabaharia 22, kisha shehena ya tani 15. Gesi ya kurudia haikuwa katika hesabu, kwa sababu Makonde hapakuwa na haidrojeni wala kiwanda cha kuitengeneza.

Jambo hilo moja ndilo lililotawala muundo wote. Kwa kuwa chombo kisingeweza kurudi, wahandisi waliamua kwamba kila kiungo chake kiwe na kazi ya pili baada ya kutua. Kitambaa cha ganda kingekatwa kiwe mahema na nguo. Mifuko ya gesi, isiyopitisha maji, ingekuwa mifuko ya kulalia. Fito za duralumini zingejengewa minara ya redio. Injini zingezungusha mitambo ya umeme. Hata ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupitia ingeshonewa viatu. Shehena yenyewe ilikuwa zaidi ya risasi 300,000, bunduki za rashasha 30, magunia 61 ya dawa na bendeji, vifaa vya kushonea, mapanga, vipuri vya redio, darubini na barua. Ni vigumu kupata katika historia ya uhandisi chombo kingine kikubwa kiasi hiki kilichofikiriwa kabla ya kuruka kama ghala litakalobomolewa na watakaolipokea. Ustadi huo nauheshimu, na sioni haja ya kuuficha kwa kuwa ulitumikia ukoloni.

L 59 iling'oa nanga Jamboli, Bulgaria, asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, chini ya Kapteni Ludwig Bockholt, Zupitza akiwa ndani kama daktari. Ilipita pwani ya Uturuki, ikakutana na dhoruba ya radi karibu na Krete, na alfajiri ya tarehe 22 ikaingia Afrika kwa upande wa Misri. Jangwani ilikwenda mrama kupita kiasi. Hewa ya moto ilikuwa ikiinuka kutoka mchangani na kuutupa mwili wake juu na chini, mabaharia wakatapika na kuumwa vichwa, wengine wakaanza kuona vitu visivyokuwapo. Gia ya injini moja ilipasuka. Usiku gesi ilipopoa, chombo kilipoteza nguvu ya kupaa, wakalazimika kumwaga uzito ili wasigonge ardhi. Pamoja na hayo yote kiliendelea kuufuata mto Nile, na usiku wa kuamkia tarehe 23 kilikuwa Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo redio ikapokea amri kutoka Nauen, Ujerumani: geuza, adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde na Kitangari imo mikononi mwake. Bockholt akageuza. Tarehe 25 Novemba kilitua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kushuka, kikiwa bado na mafuta ya saa 64.

Siku hiyohiyo ya tarehe 25, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaishambulia ngome ya Wareno huko Ngomano na kujichukulia bunduki na risasi. Alipata huko sehemu ya kile ambacho L 59 ilitumwa kumletea.

Mtu atauliza kwa haki: chombo kilichoshindwa kufika kina haki gani ya kukaa kwenye ukuta wetu? Kwanza, chombo chenyewe hakikushindwa. Mafuta yaliyobaki yanathibitisha kwamba hesabu za wachoraji zilikuwa sahihi, kwani kutoka pale kilipogeukia kingeweza kufika. Kilichokosewa ni dhana kwamba mahali pa kutua pangesubiri. Vita vya kusini vilikuwa vya kuhamahama, na nyanda iliyokuwa salama mwezi Oktoba haikuwa salama mwishoni mwa Novemba. Ipo hadithi iliyosimuliwa sana kwamba Waingereza waliwadanganya Wajerumani kwa kutuma amri bandia ya kurudi. Inavutia, lakini haisimami. Amri ilitoka kwa Wajerumani wenyewe, na habari iliyokuwamo ilikuwa kweli: Lettow-Vorbeck alikuwa ameshaondoka Makonde, akiacha mamia ya wagonjwa na majeruhi nyuma yake. Pili, hata kama kingeshindwa kabisa, mchoro haupewi thamani na mwisho wa safari. Michoro ya Kilwa haituelezi kama merikebu zile zilifika salama, na bado tunaithamini.

Sasa nifike kwenye moyo wa hoja. Shehena ya L 59 ilikuwa tani 15. Katika vita hivyo mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Ukigawa, tani 15 ni mizigo ya watu 600. Chombo cha mita 226, chenye injini tano na kazi ya viwanda vya Ujerumani nzima nyuma yake, kilibuniwa kufanya safari moja ya kazi ambayo vichwa 600 vilifanya kila siku katika njia za Lindi, Mahenge na Ruvuma. Farasi na ng'ombe hawakuweza, kwa sababu mbung'o aliwaua. Magari yalikwama kwenye matope ya masika. Akabaki mtu. Pande zote mbili zilikusanya watu kwa malaki, wengi kwa nguvu, na Unguja na Pemba hazikusalimika: watu wa Himaya ya Zanzibar nao walichukuliwa kwenda upagazi bara. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu za kawaida za wanahistoria zinataja wapagazi takriban 95,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kwa upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa ipasavyo. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umesimama palipokuwa na kambi ya watu hao.

Chukua tena mchoro, uutazame ukiwa na hesabu hiyo. Uzito wa kila ufito umepimwa, kila kipande cha kitambaa kimepangiwa kazi ya pili, hata ngozi ya kukanyagia imepewa mwisho wake. Lakini jambo moja halimo: baada ya chombo kutua na kubomolewa, nani angebeba? Tani 15 za shehena, mahema, minara ya redio, injini nzito za Maybach, vyote hivyo vingeondoka vipi Makonde huku Waingereza wakiwa nyuma? Jibu lilikuwa dhahiri kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulichora. Wangebeba wapagazi. Meli ya anga haikuwa mbadala wa kichwa cha Mwafrika. Ilikuwa imeungana nacho, na safari yake ingehesabiwa imekamilika pale tu mzigo utakapoingia begani mwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Ndiyo maana nasema mchoro huu ni hati yetu. Unaonyesha kwa usahihi wa milimita mpaka wapi fikra za wakoloni zilipima mambo, na wapi ziliacha kupima.

Wapo watakaohofia kwamba kuutundika ni kuutukuza utawala uliowanyonga watu wa Majimaji na kuwaburuta wapagazi. Hofu hiyo ina msingi, na kwa ukuta usio na maelezo ni sahihi kabisa: mchoro mtupu huvutia jicho na kunyamazia mengine yote, nami singependa kuuona ukining'inia hivyo kwenye mapokezi ya hoteli ya Pemba. Lakini dawa ya picha isiyosema ni kuipa maelezo. Picha za Wareno katika Ngome ya Yesu zilichorwa na askari waliokalia mji wa watu, na Wakenya hawakuzipaka chokaa. Wamezihifadhi na kuziwekea maelezo, na kila mwanafunzi anayepita hapo hujifunza jambo kuhusu waliozichora na waliotawaliwa nao.

Tunajua pia hasara ya kutokuwa na michoro. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba kilichowabeba watu wa pwani kwa karne nyingi, ulitoweka katika karne ya 20. Mtepe mmoja ulipoundwa upya Unguja mwaka 2003 na kuwekwa Beit al-Ajaib, mafundi hawakuwa na chombo kizima cha kutazama. Walitegemea modeli, maelezo na michoro ya watu wa zamani. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka na kuua watu wawili, na yale yaliyokuwa ndani yakaingia hatarini. Kilichochorwa na kusambazwa kina nafasi ya kuundwa tena. Kilichobaki kichwani mwa fundi huzikwa naye.

L 59 yenyewe haikudumu. Tarehe 7 Aprili 1918, ikielekea Malta, iliwaka moto juu ya Mlango wa Otranto ikaanguka baharini na watu wake wote, Bockholt akiwa miongoni mwao. Leo kinachoweza kufika Pemba ni karatasi tu, na mahali pake papo. Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya ngome ya Chake Chake, na Vitongoji kuna kituo cha mafunzo ya amali ambako vijana hujifunza kusoma michoro ya ufundi kwa ajili ya riziki. Nawaomba wanaosimamia sehemu hizo mbili watundike mchoro wa L 59, na kando yake mchoro wa mtepe wenye vipimo kamili. Chini ya L 59 waandike kwa Kiswahili urefu wa chombo, uzito wa shehena na mizigo 600 ya wapagazi iliyolingana nayo. Na familia za Pemba ambazo mzee wao alichukuliwa upagazi katika vita vile ziombwe kuleta jina lake, liandikwe hapohapo.